Ubishi wa Namba za Mgongoni

Kuna ubishi ambao nimeusikia kwa miaka mingi: kwanza katika mabweni ya wanachuo, halafu katika chumba cha walimu, na sasa, baada ya kustaafu, chini ya miembe ya huku kwetu Kwihara. Mtu mmoja hutaja namba, na wenzake hutakiwa kumtaja mchezaji aliye bora kuliko wote waliopata kuivaa mgongoni. Namba kumi? Hapo sauti hupanda, kila mtu na wake. Namba saba? Vivyo hivyo. Namba tatu? Hapo hunyamaza kidogo, mmoja hucheka, na mchezo huhamia namba nyingine.

Wapo wazee wenzangu wanaouona ubishi huu kuwa ni upuuzi wa watu wasio na shamba. Mimi si mmoja wao. Vijana wanapobishana wanapima, wanalinganisha, wanatafuta ushahidi, tena bila kuogopa fimbo ya mtu. Malalamiko yangu ni mengine. Nimetunga na kusahihisha mitihani kwa zaidi ya miaka thelathini, nami nauona ubishi huu kama swali la mtihani lililotungwa vibaya. Swali baya hata mwanafunzi hodari huliharibu. Basi ndugu msomaji, tulikague swali lenyewe kabla ya kugawa maksi.

Namba hazikuanza kama sifa ya mtu. Katika ligi ya Uingereza zilionekana kwa mara ya kwanza tarehe 25 Agosti, 1928, Arsenal walipocheza na Sheffield Wednesday, na siku hiyohiyo Chelsea walipocheza na Swansea. Mwaka 1939 ligi hiyo ikazifanya kuwa lazima, na katika Kombe la Dunia zikaingia mwaka 1950. Nia ilikuwa ndogo na ya manufaa: mtazamaji aliye mbali ajue nani ni nani. Kwa kuwa wachezaji walipangwa kwa nafasi zao, namba ikawa jina la nafasi. Golikipa ni moja, beki wa kulia mbili, wa kushoto tatu, na kuendelea hadi winga wa kushoto, ambaye ni kumi na moja.

Sisi tulipoipokea desturi hiyo hatukuiacha mgongoni. Tuliiingiza katika lugha. Mtanzania husema, "Huyu ni namba sita," hata kama jezi ya mtu huyo imeandikwa 24. Hamaanishi kitambaa, anamaanisha kazi: kukaba katikati ya uwanja, kuwalinda mabeki, kuwapa mpira wanaojua kuutumia. Nimeona timu za vijiji zikicheza vifua wazi, upande mmoja bila hata jezi moja, na bado kila mchezaji akaijua namba yake na kugombezwa alipoihama. Namba iliyoweza kukaa juu ya ngozi tupu haikuwa mapambo. Ilikuwa wajibu.

Redio nayo ilitufundisha hivyo. Kabla ya mpira kuanza, mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam alitusomea kikosi kuanzia golikipa hadi namba kumi na moja, na magazeti yakaandika kwa mpangilio huohuo. Tulivishika vikosi kwa kichwa kama watoto wanavyoshika majina ya rejista. Msikilizaji wa Tabora ambaye hakuwahi kuuona Uwanja wa Taifa aliweza kukutajia nani ni tatu wa Simba na nani ni tatu wa Yanga. Hakuwa ameiona sura ya yeyote kati yao. Aliwajua kwa kazi waliyopewa.

Hapa kwetu jambo hilo lina mzizi wa zamani kuliko mpira. Njia ya misafara iliyotoka pwani kuelekea Ujiji ilipita katika nchi hii ya Unyanyembe, na mtu katika msafara alijulikana kwa mahali pake katika mstari. Kirangozi alitangulia na bendera, wabeba pembe za ndovu wakamfuata, kisha wabeba vitambaa na ushanga, na wengine kwa mzigo wao. Ukiondoa mmoja, mzigo wake ulilala njiani. Wageni wanaofika kuliona tembe la Kwihara, ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, huuliza habari za hao wawili. Wachache wamesikia majina ya Chuma na Susi, waliokuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani baada ya kufariki mwaka 1873. Wengine waliobeba pamoja nao huulizwa mara chache. Historia, kama ubishi wetu wa namba, hupenda kumtazama aliye mbele.

Basi hili ndilo kosa la swali. Linapouliza, "Nani mkubwa kuliko wote waliovaa namba hii?" linatupa ruhusa ya kuisahau kazi na kuhesabu sifa. Ukilitunga upya na kuuliza, "Nani aliifanya kazi ya namba hii vizuri kuliko wengine?" ubishi hubadilika papo hapo. Katika swali la kwanza kumi ni mfalme na tatu ni kichekesho. Katika swali la pili zote ni sawa, kwa sababu kila kazi ina bingwa wake.

Chukua namba tatu yenyewe. Vijana wa mjini wamelitoa jina hilo uwanjani wakampa msichana wa kazi za ndani: humwita "beki tatu." Walikusudia mzaha, na ni mzaha wenye dharau ndani yake. Lakini utazame vizuri. Msichana yule huamka kabla ya wenye nyumba na kulala baada yao. Akifanya kazi yake sawasawa hakuna anayemtaja, akikosea siku moja nyumba nzima hujua. Hiyo ndiyo hali ya beki wa kushoto. Waliotoa mzaha huo walikuwa wachambuzi wazuri wa kandanda kuliko walivyojua, ila walisahau kumheshimu yule waliyemfananisha.

Mohamed Kajole wa Simba na Taifa Stars alikuwa beki wa kushoto katika miaka ya 1970. Ukimtaja mbele ya wazee waliofuatilia mpira wakati ule, hawatakutajia mabao. Watakutajia mawinga waliopotea mchana kweupe upande wake. Kwa swali la kwanza mtu wa namna hiyo hana nafasi hata ya kutajwa. Kwa swali la pili ni mgombea halali, na ubishi juu yake unaweza kuendelea hadi kahawa ikaisha birikani.

Au chukua nne na tano. Jella Mtagwa na Leodegar Tenga walisimama pamoja katikati ya ulinzi wa Taifa Stars. Mtu akinitaka nimchague mmoja nimwache mwenzake nitakataa, si kwa woga, bali kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa moja iliyogawanywa kwa watu wawili. Mmoja alipotoka kwenda kuukabili mpira, mwingine alibaki kufuta makosa. Kumsifu mmoja peke yake ni kama kuusifu mkono wa kulia kwa kupiga makofi. Orodha ya mtu mmoja kwa kila namba hailijui jambo hilo.

Mpinzani wangu anaweza kuniuliza habari za wale waliopata namba kwa bahati tu. Ana haki. Mwaka 1958 Brazil walikwenda Kombe la Dunia nchini Sweden bila kupeleka orodha ya namba za wachezaji, wakagawiwa bila mpangilio. Golikipa wao Gilmar akapata tatu, na kijana wa miaka 17 aitwaye Pelé akapata kumi. Leo dunia nzima huiona kumi kama kiti cha enzi, kumbe kilitolewa kama karata. Johan Cruyff alikuwa akivaa tisa pale Ajax. Mwaka 1970 alimpa mwenzake jezi hiyo, akachukua 14, akabaki nayo hadi ikawa kama jina lake la pili. Kwa watu hao namba haikusema kazi yoyote. Ilisubiri mtu aje aipe maana.

Nalikubali hilo, na katika riadha ndivyo ilivyo siku zote, kwa kuwa namba ya mkimbiaji hugawiwa na waandaaji na kesho yake ni karatasi tu. Abebe Bikila wa Ethiopia alivaa 11 alipoishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 akiwa peku. Na John Stephen Akhwari wetu alivaa 36 katika marathoni ya Mexico tarehe 20 Oktoba, 1968. Alianguka, akaumia goti, wakamfunga bendeji, akaendelea. Alimaliza wa 57, wa mwisho kati ya waliofika, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde kushinda. Filbert Bayi aliivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 pale Christchurch mwaka 1974, na Suleiman Nyambui alileta fedha ya mita 5000 kutoka Moscow mwaka 1980. Kwa kipimo cha saa na medali hao wawili wako juu ya Akhwari, na hakuna ubishi. Lakini ukiniuliza nani bora kati ya wote waliovaa 36 popote duniani, nitamtaja Akhwari, nami sitaomba radhi. Kazi ya mkimbiaji wa marathoni ni kufika. Aliifanya kazi hiyo katika hali ambayo wengi wangeiacha.

Kwa hiyo hata mfano wa mpinzani wangu unarudi palepale. Namba ya bahati hupata utukufu pale tu kazi inapofanywa ndani yake.

Kuna namba za aina ya tatu, zile ambazo mtu huzichagua kwa makusudi. Victor Wanyama wa Kenya alipokuwa Celtic ya Scotland alivaa 67, kwa heshima ya timu ya klabu hiyo iliyotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1967. Mwezi Novemba mwaka 2012 aliifunga Barcelona akiwa na namba hiyo, na Celtic wakashinda 2 kwa 1. Kijana wa Kiafrika aliisoma historia ya wenyeji wake, akaibeba mgongoni, kisha akaiongezea ukurasa. Hilo napenda kuwasimulia vijana wanaodhani namba ni urembo.

Mfano mkubwa wa kuchagua, hata hivyo, hautoki kwa mchezaji. Tarehe 24 Juni, 1995, Nelson Mandela, mzee wa miaka 76, aliingia Uwanja wa Ellis Park mjini Johannesburg akiwa amevaa jezi ya timu ya raga ya Afrika Kusini yenye namba sita, namba ya nahodha Francois Pienaar. Katika raga namba bado ni kazi hadi leo, na kazi ya sita ni ya jasho na vumbi. Jezi ile ilikuwa imechukiwa na Waafrika wengi kwa miongo kadhaa. Mandela hakucheza hata dakika moja. Lakini akitajwa mtu wa namba sita, mimi simwoni mwingine aliyeifanyisha kazi nzito kuliko yeye.

Sasa nije kwenye desturi ya kustaafisha namba, ambayo vijana wetu huisifu sana. Wamarekani ndio mabingwa wake. Klabu hutangaza kwamba namba ya fulani haitavaliwa tena, na jezi hutundikwa darini. Mwaka 1997 ligi kuu yote ya besiboli ilistaafisha 42 ya Jackie Robinson, Mmarekani mweusi aliyeuvunja ukuta wa ubaguzi katika mchezo huo mwaka 1947. Huko naielewa, kwa sababu namba yao haitaji nafasi uwanjani. Tena naona uzuri zaidi katika jambo walilolifanya baadaye: kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote huvaa 42. Hapo namba haikuzikwa, imerithishwa.

Lakini katika kandanda ambamo namba ni kazi, kuistaafisha ni kuikosea kazi adabu. Mwaka 2002 Argentina walitaka kumi ya Diego Maradona isivaliwe tena. Shirikisho la dunia likakataa, kwa kuwa kanuni zilitaka namba 1 hadi 23 zote zitumike, na Ariel Ortega akaivaa. Kamerun nao walitaka kuitunza 17 ya Marc-Vivien Foé, aliyefia uwanjani mjini Lyon tarehe 26 Juni, 2003, lakini katika mashindano makubwa kanuni ileile ikawazuia. Nawahurumia Wakameruni, msiba haupimwi kwa kanuni. Hata hivyo nadhani kanuni ilisema ukweli mgumu. Mimi nimestaafu, na hakuna aliyelifunga kwa kufuli darasa nililokuwa nikifundisha. Asubuhi iliyofuata aliingia mwalimu mwingine, akafuta ubao, akaandika tarehe. Hiyo ndiyo heshima ninayoitaka: kazi iendelee, na anayeifanya ajue ilianza kabla yake.

Huku kwetu tatizo si kustaafisha namba. Tunasahau watu. Televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara iliipata mwaka 1994. Kabla ya hapo mchezaji wetu aliishi katika macho ya waliokuwapo uwanjani na masikio ya wenye redio. Ulaya nao waliingia nyumbani mwetu kwa picha, wakiwa na namba za kudumu na majina yao mgongoni, kama ligi kuu ya Uingereza ilivyofanya kuanzia mwaka 1993. Matokeo yake, orodha za vijana huanzia pale picha zinapoanzia. Aliyecheza kabla ya picha ni kama hakuzaliwa.

Mwezi Agosti mwaka 1979 Peter Tino alisawazisha bao pale Ndola, tukatoka sare ya 1 kwa 1 na Zambia, na Taifa Stars wakapata tiketi ya fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 nchini Nigeria. Kule Lagos tulifungwa na wenyeji 3 kwa 1, bao letu likiwa la Juma Mkambi. Tukafungwa na Misri 2 kwa 1, kisha tukatoka sare ya 1 kwa 1 na Ivory Coast, na mabao yetu yote mawili katika michezo hiyo alifunga Thuwein Ally. Golini alikuwapo Juma Pondamali. Ilitupasa kusubiri miaka 39, hadi mwaka 2019 kule Misri, kurudi katika fainali hizo. Muulize kijana wa leo akutajie vikosi vya Ulaya, atakutajia pamoja na wa akiba. Muulize kikosi cha Lagos, ataishia jina la pili au la tatu. Simlaumu. Hakuna aliyemsomea rejista.

Wala sisemi tuwapandishe wa kwetu kwa sababu ni wa kwetu. Hashim Thabeet alichaguliwa wa pili mwaka 2009 na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kufika ligi kuu ya kikapu ya Marekani, akavaa 34. Lakini 34 ilivaliwa na Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, aliyeipa Houston ubingwa mwaka 1994 na 1995. Anayemweka Thabeet juu ya Olajuwon anapeperusha bendera, hapimi. Mbwana Samatta ni habari nyingine. Alitwaa ubingwa wa Afrika na TP Mazembe mwaka 2015 na ubingwa wa Ubelgiji na Genk mwaka 2019. Mwaka 2020, akiwa na 20 ya Aston Villa mgongoni, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi kuu ya Uingereza, na akafunga pale Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi. Huyo hahitaji huruma yetu. Kazi yake ya kufunga inaonekana, nayo inabishaniwa kwa haki.

Nahitimisha kwa pendekezo, kama ilivyo desturi ya walimu. Ubishi uendelee, ila kwa kanuni tatu. Kwanza, kazi itajwe kabla ya mtu: mbishi aeleze namba hiyo inadai nini uwanjani, ndipo aruhusiwe kutoa jina. Pili, shahidi atangulie shabiki: aliyeona kwa macho asikilizwe kabla ya aliyesikia, na aliyesikia redioni asidharauliwe na aliyeona picha. Tatu, orodha ianzie pale wengi wanaponyamaza. Anza na tatu, halafu mbili, halafu sita. Kumi itakuja yenyewe, haijawahi kukosa wa kuisemea.

Na kila mzee aliyepata kusimama kando ya uwanja wa mji wake, uwe wa Tabora, Tanga, Kigoma au Songea, achukue daftari na kuandika kumi na mmoja aliowaona yeye, mmoja kwa kila kazi, na chini ya kila jina sentensi moja ya sababu. Asiogope kwamba majina hayajulikani Dar es Salaam. Mimi la kwangu nimelianza, na ukurasa wa kwanza nimempa namba tatu.